Mkeka wa Mdhamini

Simu ya msiba ilinikuta nyuma ya nyumba yangu hapa Kasese, nikisugua masizi ya sufuria kwa majivu. Aliyepiga ni karani mwenzangu wa zamani kule Bwera, na hata pole hakuimaliza kabla ya kunitia swali. "Hajji Asumani ametutoka. Wanamzika kesho. Sasa, Mbambu, wewe ndio ulikuwa mtu ya maneno. Yule mzee tulikuwa tunamuitaga nani pale koti? Shahidi? Mdhamini? Nataka kuandika kwa barua ya pole." Nilimwambia aandike "mzee wetu", inatosha, nikakata simu, nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilimlilia Hajji, ndiyo, lakini machozi ya kwanza yalikuwa ya hasira. Kazi ya mahakama niliiacha zamani, mvi zimeanza kunichungulia kwenye paji, na bado mtu ananipigia simu siku ya msiba kuniuliza maana ya neno lile lile lililonitesa mwaka mzima nikiwa kijana. Nilipoingia ndani kutafuta gauni la kuzikia, nilijikuta nimelitoa daftari kwanza. Lina jalada la bluu, pembe zimeliwa na mende, na ukurasa wa mdhamini una doa la mawese ambalo hata leo linanata ukiliwekea kidole.

Ulikuwa mwaka uliofuata ule wa mafuriko ya mto Nyamwamba. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, karani na mkalimani wa mahakama ndogo ya Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe. Chumba changu cha kupanga kilikuwa kimoja tu, nyuma ya duka la misumari na mabati, na chumba changu cha kazi hakikukizidi kwa lolote: meza moja, rafu za mafaili yaliyofungwa kwa kamba za katani, benchi la wageni, na bati lisilo na dari ambalo ikifika saa sita linakukaanga ukiwa umekaa. Dirisha lilitazama njia ya sokoni. Humo nilisikia yote: wanawake wakitukanana juu ya vipimo vya maharage, waendesha boda wakiitana, na sajini wa zamu pale mlangoni akiwaamuru raia kwa Kiswahili chake cha kambini, "Wewe, kaa chini! Toa kofia! Unacheka nini?" Watu wakaogopa hata wasiomhusu. Wengi walipoingia mbele ya hakimu walimwita yeye pia afande, naye hakimu, mtu wa mashariki ya nchi aliyekuja kwetu na miwani miwili na subira kidogo, aliniangalia mimi kana kwamba nimewafundisha.

Hakimu huyo ndiye aliyeniagiza daftari. Alisema kila siku natafsiri neno moja kwa njia tatu na kumbukumbu za kesi zinamchanganya, kwa hiyo niandike orodha ya maneno ya mahakama, kila neno na maana yake moja, tulitumie hilo na kuyaacha mengine. Nilifurahi kama mtu aliyepewa cheo. Kiswahili cha vitabu nilikipenda, na niliamini kwamba shida zote za pale Bwera zilikuwa shida za watu wasiojua maana za maneno. Niliandika: mdhamini ni mtu anayeahidi mbele ya mahakama kwamba mshtakiwa aliyeachiliwa kwa dhamana atarudi siku ya kesi, asiporudi, mdhamini ataitwa ajieleze, na asipokuwa na sababu atalipishwa kiasi alichojifunga nacho. Nikapiga mstari kwa rula. Chini ya mstari, kwa herufi ndogo, nikaandika yale ambayo watu walisema, ili niyakataze. Waganda walisema omweyimirizi. Wakongo walisema garant, na wafanyabiashara wao wakasema avaliseur, yule anayekusimamia ukichukua bidhaa kwa mkopo. Wengine walisema shahidi, wengine mzazi, wengine "mutu wangu" basi. Na dhamana yenyewe waliichukulia kuwa ndiyo hukumu. Mtu akiachiliwa asubuhi, jioni amekwisha kuchinja kuku na kuwaambia majirani kwamba kesi imekufa, na tarehe ikifika tunamtafuta hadi Mahango kwenye shamba lake la kahawa, naye anashangaa kwa moyo safi kabisa. Nilikuwa nachoka, jamani. Nilikuwa nachoka kila siku kabla ya saa nne.

Kavira aliletwa siku ya soko. Alikuwa mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo, Mkatoliki wa medali shingoni, mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto, na aliuza mawese pale Mpondwe kwa kopo la kupimia. Mkusanya ushuru mmoja wa soko alikuwa amelipiga teke beseni lake likamwagika, naye akampiga kopo la uso, mdomo ukapasuka. Ndiyo kesi nzima. Mdomo uliopasuka, na mawese chini, na watu wazima kumi na wawili waliotaka kutoa ushahidi juu ya teke lililotangulia. Alipandishwa mbele ya hakimu akiwa bado na mafuta kwenye kitenge, akakana kosa, hakimu akasema kwa kuwa mshtakiwa ni mgeni mwenye makazi ng'ambo ya mpaka, hatampa dhamana mpaka alete mdhamini wa maana: Mganda, mwenye makazi yanayojulikana, mwenye barua ya mwenyekiti wa kijiji chake. Nikatafsiri neno kwa neno. Kavira akaitikia kwa kichwa, akarudishwa rumande, na wiki iliyofuata wakaja wenziwe wa kwaya. Wanawake saba, wote wa ng'ambo, wamevaa sare ya kitenge chenye picha ya Bikira, wakamtanguliza bibi kizee aliyembeba Kavira siku ya ubatizo. Bibi hakuwa na kitambulisho, hakuwa na barua, hakuwa na makazi upande wetu. Alikuwa na rozari. "Miye ndiye nilimubebaka," akasema, akamtazama hakimu kama mtu aliyemaliza hoja. Hakimu akavua miwani ya kwanza akavaa ya pili. Mimi nilitaka kujificha chini ya meza.

Hajji Asumani alikuja siku hiyo hiyo mchana, bila kuitwa na mtu. Tulimjua wote. Alikuwa na lori moja la Fuso lililobeba mizigo kati ya mpaka na Kasese, kofia nyeupe iliyofumwa, na tabia ya kusikiliza akiwa amefumba jicho moja. Madumu ya Kavira yalikuwa yamepanda lori lake miaka mingi. Zaidi ya hapo, mvua moja kubwa lori lilizama kwenye matope barabara ya Beni, likakaa siku tisa, na Kavira alimpikia yeye na dereva wake siku zote tisa. Alinunua sufuria mpya kwanza. Hilo Hajji alinisimulia mara tatu katika mwaka ule, kila mara akinyanyua kidole. "Mpya, binti. Juu alisema ile yake imepika nguruwe. Mimi sikumuomba." Nikamkalisha kwenye benchi langu, nikamfungulia daftari, nikamsomea maana ya mdhamini polepole, mara mbili, kwa Kiswahili kisha kwa Kikonzo. Alisikiliza, jicho moja limefumbwa. Mwishoni akasema, "Sawa. Hiyo kwetu tunaita kafili. Nilisoma madarasa kwa shehe, nikiwa kijana. Kuna kafili ya mali na kuna kafili ya mwili. Hii yenu ni ya mwili." Nikamwambia kwa adabu kwamba hapana, mzee wangu, hapa si madrasa, hii ni kama nilivyosoma. "Nimesikia," akasema. Nikaandika kafili kwenye orodha ya maneno ya kukataza. Hakimu alimkubali ndani ya dakika tano.

Sasa nifike pale ambapo mpaka leo naona haya kupasimulia. Baada ya kuweka dole gumba kwenye karatasi, Kavira alinifuata kwenye kibaraza. Mwanamke yule aliyempasua mtu mdomo sasa alikuwa ananong'ona. "Madame karani, na kama mupaka inafungwa? Na kama nakuwa mugonjwa? Batamutia Hajji mu buloko juu yangu?" Buloko ndiyo jela, kwa Kiswahili cha kwao. Nilimhurumia, tena nilikuwa na daftari kichwani, limeiva. Nikamweleza kwamba hawamfungi. Watamwita, watamuuliza, watampa siku, na mwisho wake kabisa atalipa. Mwili wake haumo katika jambo hili, nilimwambia, hizo ni hofu za watu wasiojua sheria. Nikaona mabega yake yanashuka, akapumua, akanishika mikono yote miwili na kunipaka mawese mpaka kwenye mikono ya blauzi. Nilirudi ndani nikijiona mtu muhimu, nikafungua ukurasa wa mdhamini nijiongezee maneno mawili, na doa ninalolisema ndilo hilo.

Kavira alikuja tarehe ya kwanza, na mlalamikaji hakuja. Akaja ya pili, na mlalamikaji alikuja bila cheti cha daktari. Kesi ya mdomo uliopasuka ikaahirishwa mpaka mdomo wenyewe ukapona usibaki hata kovu. Kisha habari za vita kule Beni zikaanza kuingia kupitia dirisha langu, kwanza kwa minong'ono ya wanawake wa sokoni, halafu kwa watu wenyewe waliovuka na magodoro kichwani, na wenzake wakasema Kavira amerudi kule kumtoa mama yake. Tarehe ya tatu ilipofika niliita jina lake mlangoni mara tatu kama sheria inavyotaka. Hakuitika mtu. Hakimu akatoa hati ya kumkamata, akaamuru mdhamini aje ajieleze, na kabla sijamaliza kuandika nikasikia sajini nje akipaza sauti, "Mzee, hapa si loji! Peleka hiyo kitu nyumbani!" Hajji akaingia. Kwapani alikuwa na mkeka uliokunjwa, begani blanketi la kijivu, na mkononi birika la plastiki la kutawadhia. Alikuwa ameaga kwake. Funguo za lori amemwachia mke wake, ndevu amezichana, na miswaki miwili ya mti ilichungulia kwenye mfuko wa shati. Akasimama mahali pa washtakiwa, akaweka mkeka chini.

"Yule mama haiko," akasema. "Mimi niko. Munifunge."

Hakimu alisema maneno mengi siku ile, na mengi yake yalikuwa yangu kuyabeba. Alisema sheria haimfungi mtu kwa kosa la mwenzake. Alisema mzee anapewa wiki mbili kumtafuta mshtakiwa, arudi nyumbani kwake aendelee na shughuli. Kisha akanigeukia mimi, mbele ya watu wote, akauliza nani aliyemweleza mzee huyu wajibu wake na kwa lugha gani. Masikio yaliniwaka. Nilijibu kwamba nilimweleza mimi, kwa lugha mbili, mara mbili mbili. Hajji akaitikia kwa uzuri kabisa: "Kweli, huyu binti alinieleza vizuri sana." Ilikuwa afadhali angenitukana. Hakimu akaondoka, sajini akatoa watu, na Hajji akabeba mkeka wake akautandika kwenye kibaraza chini ya dirisha langu, kwa kuwa jela imemkataa na nyumbani alikwisha kuaga.

Alikaa pale siku tisa za kazi. Alifika kabla sijafungua mlango na kuondoka nikifunga, na katikati hakwenda popote isipokuwa kuswali. Lori lilisimama kwake likiota vumbi. Wateja wake walimfuata pale pale kibarazani wakimbembeleza, mmoja alikuwa na magunia ya kahawa kutoka Munkunyu yanayongoja, na yeye akawaelekeza kwa wenye malori mengine. Mke wake alimletea chakula saa saba, bundu, ule ugali wa muhogo, limefungwa kwenye jani, na sombe ya majani ya muhogo kwenye bakuli lenye kifuniko, nami kwa kuwa siwezi kumwangalia mtu mzima akila peke yake jua likimpiga, siku ya pili nilimwingiza ndani, tukala kwenye meza yangu tukiwa tumesogeza mafaili. Huyo ndiye mtu aliyenichosha kuliko wote niliowahi kula nao. Nilimsomea tena ukurasa. Nilimwonyesha kitabu chenyewe cha sheria. Nilimwambia, mzee wangu, hata ukilala hapa mwaka mzima, kisheria hujafanya kitu, ni sawa na mtu aliyekaa kibarazani. "Ndiyo," akasema, akimega bundu. Nikamwambia watu wanamcheka. "Wanacheka, ndiyo." Nikamwambia kwamba kama ni fedha, atalipa, ana lori, hatakufa. Hapo akaacha kula.

"Binti, wewe umesoma, mimi sikusoma kama wewe. Lakini sikiliza. Siku ile nilisema mimi niko hapa juu yake. Sikusema fedha yangu iko hapa. Wewe uliandika, mimi nilisema. Sasa kila mtu abaki na yake."

Siku ya sita nililia kwa hasira, nikiwa peke yangu, chumbani kwangu nyuma ya duka la misumari. Nilimkasirikia yeye, nilimkasirikia Kavira, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kikinitafuna ambacho sikutaka kukitazama. Nilikumbuka kibaraza, na mabega yakishuka. Hakuna aliyejua niliyomwambia Kavira isipokuwa mimi na yeye, na nilianza kuomba Mungu asirudi ili isijulikane, kisha nikaomba arudi, kisha nikaacha kuomba. Dirishani watu walikwisha kuipeleka habari wanavyotaka. Asubuhi nilisikia Hajji amekaa kibarazani, mchana nikasikia Hajji amezuiliwa, na siku ya soko mwanamke mmoja wa maharage alimwapia mwenzake kwamba Hajji amefungwa, amemwona kwa macho yake akipelekewa chakula na mkewe. Nilitoa kichwa dirishani nikamwambia hajafungwa, yuko hapa, mtazame. Akamtazama Hajji juu ya mkeka wake, akanitazama mimi, akasema, "Si ndio hiyo."

Alhamisi ya wiki ya pili Kavira aliingia uani kwa miguu. Amekonda uso, kitenge kimepauka kwa vumbi, na kichwani alikuwa na furushi lililofungwa kwa mkeka. Yeye pia alikuja na mkeka. Alipita moja kwa moja kuelekea kwa sajini, akaanza kumwambia kwamba amekuja, wamtoe muzee, na hapo ndipo akamwona Hajji ameketi chini ya dirisha na kikombe cha chai mkononi. Akasimama. Furushi likateleza akalidaka.

"Uko inje?"

"Niko nje," Hajji akasema. "Karibu chai."

"Banasema uko mu buloko! Beni yote, ku soko, ku kanisa, banasema Hajji banamufunga juu ya Kavira! Miye natembea siku ine, nalala mu pori, kumbe uko nakunywa chai?" Alikuwa na hasira ya kweli, akamrushia kila neno alilokuwa nalo la Kiswahili na la Kinande, na Hajji akayapokea yote jicho moja limefumbwa. Alipochoka akaniona mimi mlangoni. Sauti ikashuka. "Na weye, madame. Haiko weye uliniambiaka hapa hapa, eti hawamufunge? Eti atalipa tu? Miye nilishaamua kubakia. Mama iko mugonjwa, vita iko kila fasi, nikasema basi, Hajji atalipa, nitamurudishia siku moja Mungu akipenda. Deni inangojaka. Lakini mutu mu buloko, huyo hangojake." Hajji alifungua jicho lake la pili, akanitazama kwa muda. Hakuniuliza kitu, wala siku nyingine yoyote mpaka kufa kwake hakuniuliza. Nilitaka aniulize. Nilikuwa na majibu mengi na yote yalikuwa sahihi. Alichouliza alimwuliza Kavira: mama yuko wapi? Kavira akasema amemwacha Kasindi, ng'ambo tu ya mpaka, kwa masista, hawezi kutembea tena. Hajji akamimina chai iliyobaki chini, akakunja mkeka, akaenda kwake kuchukua funguo. Kabla ya jioni lori la Fuso lililokuwa halijabeba hata gunia moja siku tisa lilirudi kutoka mpakani na bibi mmoja mdogo ndani yake, amelala juu ya blanketi la kijivu.

Kesi iliisha kwa aibu, kama zinavyoisha nyingi. Hakimu alifuta hati ya kumkamata, Kavira akakiri kopo lakini si nia, na adhabu yake ilikuwa kufagia uwanja wa mahakama kila asubuhi kwa mwezi mzima. Alifagia huku akiimba nyimbo za misa, sajini akimwambia anyamaze, naye hanyamazi. Mama yake alimalizia siku zake katika chumba cha nyuma cha Hajji, rozari mkononi, akiamshwa na adhana. Mimi nilipeleka daftari kwa hakimu kama nilivyoagizwa, akalipenda, akalipigia muhuri, akasema maana zangu ni safi. Sikumwambia kwamba nimerarua karatasi moja ya mwisho wa daftari, ile ambayo niliandika mara nne maana nyingine ya mdhamini na mara nne nikaikata. Miaka miwili baadaye niliacha kazi ile, nikahamia Kasese kuuza vifaa vya shule, na watu wakidhani nimepata mtaji. Sikupata mtaji. Nilikuwa nimechoka kuwa sahihi.

Siku ya mazishi nilifika Bwera kabla ya adhuhuri. Chini ya tenti wanaume upande wao, wanawake upande wetu, na katikati yetu niliiona sare ya kitenge chenye picha ya Bikira. Kavira amezeeka, ana kibanda chake cha mawese na leseni ukutani, na alinisogezea nafasi kwenye mkeka wake. Kabla ya kuuchukua mwili, shehe alisimama akauliza kama ilivyo desturi: kama marehemu anadaiwa na mtu yeyote, mwenye haki aseme sasa, na nani katika hawa anayesimama badala yake kubeba madeni hayo, ili ndugu yetu aende mwepesi. Mtoto wake mkubwa akasimama akasema yeye yupo. Ilitosha. Shehe akawa anageuka, ndipo nikahisi mkeka unavutika, na Kavira, kwa magoti yake mabovu, akainuka upande wa wanawake. "Na miye," akasema kwa sauti ile ya kuvuka mto. "Miye niko hapa juu yake."

Watu wakageuka. Wengine walianza kucheka kidogo, na mwanamke mmoja akamvuta kitenge akae. Shehe alikuwa kijana, hakumjua. Akamwambia kwa upole, "Mama, wewe si wa familia, hata si wa dini. Hii kitu iko na maana yake." Kisha mtu akamnong'oneza, na macho yake yakatembea mpaka yakanifikia, kwa kuwa Bwera hawasahau kazi ya mtu. "Karani yuko hapa. Karani, simama umueleze maana."

Daftari lilikuwa kwenye mkoba wangu. Nikasimama.

"Maana anaijua," nikasema.

Shehe akaendelea kuningoja, akidhani bado nitaeleza. Watu walianza kuniashiria kwa mikono kwamba nimekwisha jibu, nikae, mwili unangoja. Kavira alikuwa bado amesimama kando yangu, anahema kwa sababu ya magoti, nami sikukaa.